Yule wa Baiskeli Alifika wa Mwisho

Kaka Mrisho,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza zote kwa namna moja: mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuanza hivyo. Wewe uliye mbali huna tena cha kuogopa. Hofu yote imebaki huku, na sehemu kubwa iko tumboni mwangu. Nimekaa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya banda la video, ulipokuwa ukihifadhi kanda zako, na mikono imelowa jasho mpaka kalamu inateleza. Saa nane imeshapita. Saa tisa lori la mdogo wako Hamisi litaingia na watu wa Buigiri, na atakayesimama mahali pako kuwasimulia filamu ni mimi.

Mimi, Dorika. Yule wa kukunong'onezea.

Nakuandikia kwa sababu sikukuaga. Siku ya mazishi sisi wanawake tulibaki uani kwako Ipagala, wanaume wakakubeba, nikawa nasikia sauti zao zinapungua, zinapungua, mpaka ukabaki upepo peke yake. Homa ya siku tatu tu. Jumatano ulifunga banda mapema ukilalamikia mgongo, Jumamosi tukawa tunakula wali wa msiba. Na neno la mwisho kati yangu na wewe lilikuwa la ugomvi. Nitafika huko, usinisukume.

Kwanza habari za huku. Arobaini yako imesomwa. Mkeo hajambo, sasa anakula. Mjini mambo yanakwenda mbio kuliko ulivyoyaacha. Nyuma ya soko limefunguliwa duka la televisheni, zimepangwa dirishani kama nane hivi, zote zinaonyesha picha ile ile, na watu wanasimama barabarani kutazama bure huku vumbi likiwajaa masikioni. Wewe ulikuwa ukisema tangu mambo yawe ruksa kila kitu kimeletwa isipokuwa mahali pa kukaa. Naona ulisema kweli. Wanatazama wamesimama, hakuna wa kuwaambia kinachosemwa, na bado hawaondoki.

Sasa habari yenyewe. Mdogo wako Hamisi anataka banda liwe ghala. Si mtu mbaya Hamisi, unamjua, mahindi ya Kibaigwa ndiyo yamemlea na anapenda kitu kinachopimika. Wiki moja baada ya arobaini alikuja na mizani yake kubwa, ile ya kupimia magunia, akaisimamisha kwenye kona karibu na skrini. Akaniambia, "Dada Dorika, banda bila Mrisho ni ukuta na bati. Mahindi hayahitaji mtafsiri." Nikamwomba. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuomba. Akafikiri, akasema, "Nakupa Jumamosi moja. Watu wa Buigiri nitawaleta mwenyewe, nami nitakaa mlangoni nisikilize. Ukiweza, endelea. Ukishindwa, Jumatatu nashusha magunia."

Kwa hiyo mizani iko pale, Kaka. Nimeifunika na kanga nisiione, lakini kanga nayo inaonekana imesimama kama mtu.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimepunguzwa kazini, mpiga chapa asiye na mashine, natembea mjini mchana kutwa ili majirani wadhani bado nina pa kwenda. Nikaingia bandani kwako kukimbia jua. Ulikuwa unaonyesha ile ya bondia mbeba makaa ya mawe. Daktari kwenye filamu akamwambia yule bondia kwamba akipigana tena atapoteza macho. Wewe, kwa sauti ile iliyokuwa ikifika hadi stendi, ukatangaza: "Daktari anasema kijana ana njaa! Apewe chakula kizito!" Nikacheka. Banda zima kimya, mimi nacheka peke yangu. Ukasimamisha deki, ukauliza nani huyo. Nilidhani utanitoa nje. Badala yake uliniita mbele, ukaniuliza daktari kasemaje hasa, nikakuambia kwa sauti ya chini, maana mbele za watu sauti yangu huwa haipandi. Ukageuka ukawaambia watu, "Nimeongea na daktari upya. Si njaa. Ni macho." Wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo kigoda changu kikawa upande wako wa kushoto. Mimi Kiingereza, wewe sauti. Hukujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini nikikunong'onezea maneno matatu, wewe ulitoa thelathini, na yote yalikuwa ya kweli kuliko matatu yangu. Kila asubuhi ulinisalimu "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo ya watu wengi, na mimi niko peke yangu. Nilikusahihisha mara ngapi? Ukasema mtu anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kigogo ni watu watatu, wasalimiwe wote. Wewe mtoto wa mjini, babu yako alikuja na misafara akasahau kurudi pwani, ulikuwa ukijivunia maneno yako manne ya Kigogo kama mtu aliyenunua shamba.

Filamu za mapenzi hukuzipenda. Za bunduki ulizionyesha kwa sababu watu walizitaka. Lakini za michezo ndizo ulizozivalia shati safi. Nilikuuliza kwa nini, siku moja tunafuta vumbi kwenye kanda, ukanijibu bila kuinua kichwa: "Kwa sababu ndani yake kuna mtu anayeogopa, na kila mtu anamwona." Sikukuelewa. Nilidhani watu wanakuja kuona nani kashinda.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama chumba cha kubadilishia nguo. Watazamaji walikuwa hawakitaki. Bondia amekaa kwenye benchi, mkewe anamzungushia kitambaa mikononi, hakuna anayesema kitu, na watu nyuma wanapiga kelele, "Peleka mbele! Peleka mbele!" Hukupeleka mbele hata siku moja. Ulisimama mbele ya skrini na mikono kiunoni, ukawaambia, "Ngumi mtaziona. Kwanza tazameni mikono yake." Tukaitazama. Ilikuwa inatetemeka, yule mke akaishika kwa nguvu zaidi akajifanya hajaona. Baada ya hapo kila ngumi aliyopigwa yule mtu ilituuma sisi.

Na ile ya mwanamke anayeogelea kuvuka bahari ya baridi! Watu wa Dodoma, tunaohesabu ndoo, tumekaa tunatazama maji yasiyo na mwisho na mtu ndani yake anayapiga kama adui. Yule mama wa mstari wa pili akasimama akasema, "Atoke huyo, atapata nimonia!" Ulimjibu kwamba mwenyewe anajua, ndiyo maana amepakwa mafuta. Kisha ukanyamaza. Ulijua mahali pa kunyamaza. Tukasikia pumzi zake tu, na nilipogeuka nikaona watu wamebana pumzi banda zima.

Kuna moja uliikataa. Ile ya mchezaji wa mpira anayefunga kila mechi, anacheka, ananyanyuliwa juu, hana siku mbaya hata moja. Uliirudisha kwa mwenye kanda siku ile ile. "Filamu ya mtu asiyeogopa," ukasema, "ni tangazo la sabuni."

Nayakumbuka haya sasa kwa sababu niko chumba cha kubadilishia nguo. Mikono ndiyo hii. Hakuna wa kunifunga kitambaa.

Unajua kwa nini naogopa hivi, nilishakuambia, wewe tu. Kanisani walinipa kusoma somo, Jumapili ya watu wengi. Nikapanda, nikafungua kitabu, nikaona maneno, nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Si kwamba nilikosea. Hakuna kitu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mtoto akaanza kulia, katekista akaja akanishika kiwiko akasoma yeye. Tangu hapo nimekaa viti vya nyuma. Ulipokuwa hai nilijificha kwenye sauti yako, na nikadhani nitajificha humo maisha yangu yote.

Na wageni wa leo si watu wa kawaida. Ningekuwa na watu wenye macho, hata ningeshindwa kusema, wangeona wenyewe. Hawa hawaoni. Nikinyamaza, filamu imekufa.

Nakumbuka Mwalimu Yohana wa shule ya wasioona ya Buigiri alivyokuja mara ya kwanza. Alikuwa ameshuka mjini kwa shughuli zake, akapita na fimbo yake, akasikia sauti yako kupitia ukutani. Alisimama nje juani akasikiliza filamu nzima ya bondia. Ilipoisha ndipo akaingia, akagusa mlango, akasema, "Hodi, wenye banda. Kuna nyingine?" Nilidhani mzee anatania. Mwezi uliofuata alikuja na wanafunzi wake wakubwa na walimu wenzake wasioona, watu ishirini na kitu nyuma ya lori la Hamisi, wameshikana mabega, wamejaa vumbi jekundu, wanacheka. Hawakukaa mbele ya skrini. Walikaa karibu na spika. Wewe uliliona jambo hilo, ukahama nawe, ukasimama kwenye kona ya spika, ukawageuzia skrini mgongo. Mimi nilitazama kwa niaba yako.

Ile waliyoipenda ni ya baiskeli. Kila walipokuja walisema, "Na ile ya muuza mikate." Unaijua kuliko mimi. Muuza mikate wa milimani, anapanda na kushuka vilima na kikapu cha mikate mgongoni, siku moja anajiandikisha kwenye mashindano makubwa. Mkewe anamshonea fulana kwa pazia la dirishani. Usiku wa kuamkia mashindano hawana pazia, mwezi unawaangaza usoni, wote wawili wanajifanya wamelala. Siku yenyewe anaongoza. Anaongoza mpaka kilima cha mwisho. Hapo cheni inachomoka, anaanguka, na wenzake wote wanampita.

Sisi wenye macho tunajua kinachofuata. Anainuka. Cheni imekatika. Anaisukuma baiskeli kwa miguu, saa nzima, jua linashuka. Anapofika, watu wameshakwenda zao, bendera zimeteremshwa. Yupo mkewe, na yupo mtu anayefagia barabara. Mfagiaji ananyanyua ufagio kumpisha, naye anapita mstari wa mwisho na baiskeli yake. Basi. Filamu imeisha.

Siku ya kwanza na watu wa Buigiri nilikunong'onezea hivyo hivyo. Nikasema, "Ameanguka, wanampita." Ukageuka ukanitazama. Kisha ukapaza sauti kuliko siku zote: "Huyoo! Anawaacha! Amewaacha wote!" Ukaanza kupiga makofi mwenyewe, ukapiga miguu chini, dum, dum, dum, ukapiga mluzi, mtu mmoja ukawa uwanja mzima. Kijasho kinakutoka. Ukamvalisha ushindi muuza mikate, ukamnyanyua juu, ukamfikisha nyumbani mabegani mwa watu. Wakacheka na kupiga makofi. Nikakaa kwenye kigoda changu nimeganda.

Mara zote ulifanya hivyo. Mara ya mwisho, ile Jumamosi kabla hujaugua, sikuvumilia. Walipokwisha kupanda lori nikakuambia, "Kaka Mrisho, unawadanganya watu wasioona. Hiyo ni dhambi." Ulikuwa unazungusha waya. Hukunitazama. Ukasema, "Wewe kazi yako ni kunong'ona." Nikasema mengine, makali, sitayaandika hapa. Nawe ukasema, "Siku utakaposimama mahali pangu, utasema utakalo." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Siku zilizofuata tulifanya kazi kama watu wa ofisini, habari za asubuhi, nzuri, basi. Hata Mbukwenyi hukusema. Kisha homa.

Siku utakaposimama mahali pangu. Kila nikikumbuka maneno hayo nahisi kama ulinisukuma. Samahani. Najua ulikuwa na hasira tu. Lakini naogopa, na mtu anayeogopa hutafuta wa kumlaumu, hata marehemu.

Sasa sikiliza nililolijua baada yako. Mwalimu Yohana alikuja kutoa pole. Alipomaliza kuzungumza na mkeo aliomba nimsindikize hadi barabarani. Tukaenda polepole, mkono wake begani kwangu. Akaniuliza, "Dorika, ni wewe uliyekuwa ukimnong'onezea?" Nikasema ni mimi. Nilidhani hakuna aliyenisikia. Akasema, "Tulikusikia siku zote. Ulisema ameanguka."

Niligeuka nikamtazama, Kaka.

Akasema hata nisingenong'ona wangejua. Cheni waliisikia ikichomoka. Gurudumu walilisikia likigeuka taratibu, na nyayo za mtu mmoja. "Na pale Mrisho alipokuwa akitangaza umati unashangilia," akasema, "sisi tulisikia mtu anafagia. Nani anafagia mahali penye shangwe?"

Nikamuuliza kwa nini basi hawakusema. Akanijibu kwamba mtu akikuletea zawadi kwa mikono miwili, huichunguzi mbele yake. Na kwa nini waliitaka filamu ile ile kila mara? Hapo alisimama. Akasema, "Sisi kuanguka tunakujua, mwanangu. Tunaanguka kila siku na tunainuka. Aliyeogopa kuanguka alikuwa Mrisho. Tulikuwa tunarudi kusikiliza kama leo atathubutu."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Kumbe hukuwa ukiwadanganya wao. Ulikuwa unamficha yule muuza mikate usimwone wewe. Wewe, uliyetufundisha wote kutazama mikono inayotetemeka! Ningejua nisingekuambia dhambi. Ningekushika mkono, nikajifanya sijauona.

Sasa ni zamu yangu, na nikuambie kinachonitisha zaidi. Nikisema ameshinda, watajua nami nimeogopa kama wewe, ila mimi sina hata sauti yako ya kuogopea. Nikisema ameanguka, lazima niseme yote yanayofuata, mwenyewe, bila umati, bila makofi. Na hawa watu wanasikia cheni. Wanasikia ufagio. Watausikia moyo wangu unavyogonga. Hamisi mlangoni atasikia. Na mizani iko pale.

Honi hiyo. Ndio hao. Nasikia wanashuka, wanacheka, fimbo zinagusa ukuta. Jenereta limewashwa. Kaka, kama kuna namna yoyote mtu wa huko anaweza kushika mkono wa mtu wa huku, huu hapa.

Nimerudi. Jua linakwenda kuzama, lakini lazima nikuandikie leo leo, kabla sijaanza kulisimulia vizuri kuliko lilivyokuwa.

Nilisimama kwenye kona ya spika. Kigoda changu cha kushoto kilikuwa kitupu. Nikawasalimu, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu anayeagiza chumvi kwa jirani. Mmoja akasema, "Tunakusikia, dada," na nadhani alisema kwa upole, lakini mimi nilisikia nimeshakamatwa. Mwanzo wote nilikimbia. Maneno yaligongana. Nikasema mke anashona kikapu badala ya fulana, nikajirudi. Hamisi alikuwa amekaa mlangoni juu ya ndoo, mikono kifuani. Nilipofika kwenye usiku usio na pazia nilitaka kuupitisha haraka, nikasikia sauti yako: kwanza tazameni. Basi nikawaambia nilichokiona. Kwamba wamelala macho, kwamba mwanamume anatetemeka vidole na mkewe ameuweka mkono juu yake. Hapo nikapata pumzi kidogo.

Kisha kilima cha mwisho. Cheni.

Nikafungua mdomo, Kaka, na hakuna kilichotoka. Kama kanisani. Hakuna kitu. Niliwaona wenzake wakimpita mmoja mmoja na sikuweza kusema hata jina la rangi ya fulana zao. Nilimwona Hamisi ananyanyuka kwenye ndoo. Nikasema moyoni, imekwisha, Jumatatu magunia. Nilisubiri mtu aje anishike kiwiko.

Hakuja mtu. Na ule ukimya haukuwa kama wa kanisani. Walikuwa wameinamisha vichwa wote, wanasikiliza. Gurudumu lilikuwa linagonga, tik, tik, tik. Nyayo. Ni mara ya kwanza kuzisikia mimi mwenyewe, kwa maana siku zote wewe ulikuwa unapiga kelele hapo. Zilichukua muda mrefu sana zile nyayo. Kisha ufagio.

Mwalimu Yohana akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Anafika?"

Nikasema, "Anafika."

Ilitoka. Nyembamba, inatetemeka, lakini ilitoka. Nikasema, watu wamekwenda. Nikasema, yupo mkewe. Yupo mfagiaji, amemwona, ananyanyua ufagio wake ampishe. Sasa anapita mstari. Ni wa mwisho. Amefika.

Nikajua nimewaharibia, nimewanyang'anya hata ile zawadi yenye tundu. Halafu mmoja wao nyuma akapiga mguu chini. Dum. Mwingine. Dum, dum. Wakapiga wote, miguu na makofi, mmoja akapiga mluzi, mluzi wako ule ule, vumbi likapanda mpaka kwenye mwanga wa skrini. Umati uliokuwa ukiufanya peke yako, Kaka Mrisho, waliufanya wao. Na walijua kabisa wanamshangilia nani. Wa mwisho. Nikalia mbele yao bila aibu.

Walipokwisha kuondoka niliingia kukusanya mikeka, nikamkuta Hamisi ameivua mizani ile kanga yangu. Ameikunja vizuri, kona kwa kona, kaiweka juu ya kigoda changu. Hakunitazama usoni. Alikuwa anaiburuta mizani kwenda nje, akanituma nimshikie mlango.

Naomba radhi kwa lile neno. Mwenyezi Mungu akupe mahali pazuri, penye kivuli na mahali pa kukaa. Sitakuambia nimepona hofu, ungenicheka. Nimeifahamu tu, na Jumamosi nyingine itanikuta chumba hiki hiki na jasho hili hili. Nakuahidi sitaruka mikono inayotetemeka hata watu wakipiga kelele. Na yeyote atakayeanguka ndani ya banda hili, wa kwenye filamu au sisi, sitamshindisha kwa uongo. Nitamngoja afike.

Wewe nawe ulifika, Kaka. Nimeshanyanyua ufagio, pita.

Mbukwenyi,
Dorika